Fundi mmoja kasema feki, mwingine kasema orijino

Swali: Assalaam alaykum, na shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Wete, Pemba. Baba yangu anastaafu mwaka huu. Ujanani alikuwa na saa ya mkono ya Uswisi, Omega Seamaster, aliyoinunua kwa fedha za karafuu, baadaye akaiuza. Nimemtafutia kama ile mtandaoni, nikaipata kwa muuzaji wa Mumbai kwa dola 380. Tangazo lilisema: "Omega Seamaster ya 1968, orijino kabisa, haijaguswa." Ilipelekwa kwa binamu yangu Dubai, yeye ndiye aliyeniletea. Ni nzuri mno: uso wa buluu unang'aa kama mpya, na gizani inawaka kijani. Nikavuka na boti kuionyesha kwa mafundi saa wawili Mjini Unguja. Wa kwanza, wa Darajani, aliitupia jicho tu akasema feki. Wa pili, wa Mkunazini, aliifungua nyuma akasema orijino, tena mashine safi. Nimuamini nani? Nimekutumia picha nane, za nje na za ndani. Nyuma ya kifuniko kuna kivuli cha mnyama, ni nini? Mshale wa sekunde unateleza, hauruki. Na ya baba, kwenye picha ya harusi yake, ilikuwa na uso mweupe wa fedha.

Jibu: Waalaykum salaam, na marahaba mwanangu. Waamini wote wawili. Picha zako nimezitazama usiku mzima, na nakuhakikishia hakuna aliyekudanganya kati yao. Wa Darajani aliangalia uso, na uso huo kweli haukutoka kiwandani namna hiyo. Wa Mkunazini aliangalia mashine, na mashine hiyo kweli ni ya Omega, tena ya miaka hiyo hiyo uliyoambiwa. Kosa ni kutaka jibu moja kwa kitu ambacho si kimoja.

Saa mpya ukiuliza "feki au orijino?" unapata jibu la neno moja. Saa iliyopita mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka 50 ni mambo mengine. Imefunguliwa mara kumi, imevunjika kioo, imeingia maji, imepotezwa ufunguo (kile kitufe cha pembeni), imetiwa ufunguo wa nduguye. Kwa hiyo sisi mafundi tunauliza kasha swali lake, mashine swali lake, uso wake, akrabu zake (yaani mishale), na ufunguo wake. Kisha tunauliza lililo zito kuliko yote: je, hivi vyote vilizaliwa pamoja, au vimekutanishwa ukubwani?

Usidhani ni maradhi ya wanyonge wa kununua mtandaoni. Novemba 2021, kwenye mnada wa Geneva, Omega Speedmaster moja ya miaka ya 1950 iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba saa ile imeunganishwa: vipande vyake vingi ni vya Omega kweli, lakini havikutoka katika saa moja. Waliozitengeneza wenyewe walipigwa. Basi wewe mwalimu wa Wete usijilaumu.

Nianze na habari njema, yaani ndani.

Picha yako ya tano inaonyesha mashine ya rangi ya shaba nyekundu. Omega za enzi zile za kujitia ufunguo zenyewe, kwa mtikisiko wa mkono, zilipakwa rangi hiyo, na wanaoghushi kwa bei rahisi mara nyingi hawajisumbui nayo; ukifungua zao unakuta chuma cheupe kinachometa. Lakini rangi peke yake si ushahidi. Tazama maandishi: kuna alama ya Omega, kuna nambari 565, na imeandikwa kwamba ina vito 24, vile vijiwe vidogo vya kupunguza msuguano. Hiyo ndiyo mashine namba 565, na vito vyake kweli ni 24. Halafu kuna nambari ndefu ya tarakimu nane, ambayo ni kitambulisho cha mashine hiyo peke yake. Yako inaanza na 26. Kwa Omega, nambari za milioni 26 zinaangukia karibu na mwaka 1968. Nasema karibu kwa sababu mashine hupewa nambari siku yake na kuuzwa siku nyingine. Mtu akikutajia mpaka mwezi kwa kusoma nambari hiyo tu, mtilie shaka.

Hili la 565 unaweza kulihakikisha wewe mwenyewe hapo Wete bila bisibisi. Vuta ufunguo wa pembeni hatua ya kwanza, ambapo akrabu zinazunguka. Sasa uvute zaidi, taratibu, mpaka mwisho. Tarehe itaruka siku moja na ufunguo utarudi wenyewe nyuma kidogo. Ukivuta tena, siku nyingine. Ndivyo 565 inavyobadilisha tarehe. Mashine nyingi za sasa haziko hivyo, tarehe unaizungusha. Hata 562, dada yake wa kabla, haina mvuto huo. Ila usifanye jaribio hili usiku. Sababu nitakueleza mwishoni, kwa vile inamhusu baba.

Kuna jaribio jingine nalipenda kwa sababu halihitaji kumwamini mtu. Simu yako ina maikrofoni, na zipo programu za bure za kusikiliza saa. Ingia chumba kimya, zima feni, ilaze saa kwenye maikrofoni, na uache programu ihesabu. Mashine 565 hupiga mara 19,800 kwa saa moja, yaani tano na nusu kwa kila sekunde. Mashine za rahisi zinazotiwa ndani ya saa bandia mara nyingi hupiga 21,600 au 28,800. Mtu anaweza kuchonga jina lolote juu ya chuma, lakini mapigo ya moyo hayachongwi. Na kama ile akrabu nyembamba ya sekunde inaruka tiki, tiki, mara moja kila sekunde, basi ndani muna betri na hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo. Ya kwako haina tabia hiyo, umeniambia mwenyewe inateleza.

Kasha sasa. Fundi wa Mkunazini alifanya jambo la maana kukupigia picha upande wa ndani wa kifuniko, maana huko ndiko wengi wasikotazama. Nimeona "Omega Watch Co", nimeona maneno ya Kifaransa yanayosema ni chuma kisichoshika kutu, na nimeona 166.010. Nambari hizo tatu za mwanzo zinasema. 1 ya mbele ni saa ya mwanamume, 66 inayofuata ni ya kujitia ufunguo yenyewe, yenye tarehe na ya kuzuia maji. Ingekuwa 165, isingekuwa na kidirisha cha tarehe. Ingekuwa 135, ingekuwa ya kutia ufunguo kwa mkono. Na 166.010 kweli ilitoka kiwandani na mashine 562 au 565. Kwa hiyo kifuniko na mashine yako wanasema habari moja, na tarehe kwenye uso inakubaliana nao.

Miaka kadhaa nyuma alinijia bwana mmoja wa Kikwajuni na Omega inayosema "Automatic" usoni kwa herufi kubwa kubwa. Nikafungua, kifuniko 135. Tukacheka wote wawili, ila yeye kicheko chake kilikuwa kifupi.

Nje ya kifuniko umeniuliza kuhusu kile kivuli cha mnyama. Ni farasi wa baharini, nembo ya Seamaster nyingi za miaka ile. Kimebaki kivuli kwa sababu mtu ameipiga polishi mpaka farasi akazama. Mimi sina uso wa kumlaumu. Nilipokuwa kijana wa benchi, mzee mmoja wa Malindi aliniletea Seamaster yake niisafishe kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Nikaishughulikia kwa brashi ya mota nusu saa nzima ili nionekane fundi. Ikang'aa kama kijiko. Kuigeuza, farasi hayupo, na kingo za mabega ya saa, pale mkanda unaposhikia, zilizokuwa kali kama zimekatwa kwa kisu, zimekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Mzee alishukuru, akanilipa, akaenda zake. Nililala vibaya. Chuma kilichoondoka hakirudi, na ndiyo maana namheshimu mtu anayeniletea saa chafu kuliko anayeniletea saa inayometa. Kasha lako limepigwa polishi, lakini halikuuliwa. Mabega bado yana kingo upande wa juu.

Hapo basi ukomo wa habari njema.

Nenda kwenye uso. Kwanza uitazame saa yako kama unavyomtazama mtu. Kasha lina mikwaruzo, kifuniko kimelika, kisha uso hauna hata kidoa. Ni sura ya mtoto wa skuli juu ya kiwiliwili cha babu. Saa iliyoishi Bombay, Maskati au Unguja, penye joto na hewa ya chumvi, uso wake huota madoa, hupauka, hubadilika kuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha. Zipo zilizohifadhiwa kabatini zikabaki safi, sikatai, lakini hizo hubaki safi mwili mzima.

Sasa chukua lenzi ya fundi, ile ya kukuza mara kumi. Kama huna, geuza simu yako upande wa kamera na ukuze. Tafuta vijistari vya dakika pembezoni mwa uso. Vya kiwandani vimepangwa sawasawa na vile vijiti vya chuma vinavyosimama badala ya nambari za saa: kijiti cha tatu kinasimama juu ya mstari wake, cha nane juu ya wake. Kwenye picha yako ya pili, kijiti cha saa nane kinaangalia kati ya mistari miwili, na cha kumi na moja vilevile. Kiwanda hakikosei hivyo. Anayekosea ni mtu aliyekwangua uso wa zamani, akapaka rangi, akapiga chapa mpya kwa mkono.

Soma maneno. Neno "Seamaster" la asili limeandikwa kwa mwandiko mwembamba wa kuunganisha, na herufi ya kwanza ina mkia mrefu uliovutwa kwa ustadi. La kwako ni nene, limevimba, na mkia umekatika kabla ya wakati. Shuka chini kabisa, saa sita ya uso. "SWISS MADE" huwa ndogo sana, imebanwa ukingoni. Ya kwako imepanda juu, kubwa, kama anuani ya duka. Tazama pia mguu wa kila kijiti: kuna buluu iliyojikusanya hapo kama maji yanavyojikusanya kwenye mguu wa meza baada ya kudeki. Kiwandani uso unapakwa rangi kabla ya vijiti kupachikwa. Hapa vijiti vilikuwa vimeshakaa ndipo brashi ikapita.

Na ule mwanga wa kijani uliokufurahisha, ndio uliomaliza kesi. Mwaka 1968 saa za Uswisi zilitiwa tritiamu, kitu cha mionzi hafifu, ili ziwake gizani, na tangu mapema miaka ya 1960 ikawa kawaida kuandika herufi T ndogo pande mbili za "SWISS MADE" kumjulisha mtu. Wewe una madoa ya kuwaka lakini huna T hata moja. Pili, nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Piga hesabu na wanafunzi wako: baada ya miaka 50 imebaki kama sehemu moja ya kumi na sita, na ule unga unaowashwa nao umechoka zamani. Saa ya 1968 ukiipeleka gizani inapaswa kulala pamoja nawe. Hii yako ukiimulika tochi ya simu kisha ukazima taa inawaka kama mtaa wa Forodhani usiku wa sikukuu. Huo ni unga wa kisasa wa aina uliovumbuliwa Japani miaka ya 1990, umepakwa juu baadaye.

Akrabu nazo ni za kuazima. Kanuni yetu ni kwamba akrabu ndefu ifike kwenye mistari ya dakika, na fupi ifike karibu na vijiti vya saa. Yako ndefu inaishia njiani, ina upungufu wa karibu milimita moja na nusu. Imetoka kwenye saa ndogo zaidi, au ya kike.

Ufunguo hauna alama ya Omega, kwa hiyo umebadilishwa. Hili silihesabu kuwa kosa kubwa. Ufunguo ni kama kandambili, huisha. Kioo vivyo hivyo. Kile cha asili ni cha plastiki ngumu na katikati kina alama ya Omega ndogo mno, hata ukiitafuta kwa lenzi inabidi uinamishe saa kwenye mwanga. Sikuiona pichani. Mkanda usizungumzie, mkanda ni wako.

Jumla yake: moyo wa kweli, ndani ya mwili wa kweli, uso wa kupakwa, akrabu za kuazima. Si feki. Wala si "orijino kabisa, haijaguswa".

Niseme kidogo juu ya wapaka nyuso rangi wa India, huko saa yako ilikotoka, maana vijana wetu huwatukana mitandaoni bila kuelewa. Kupaka uso upya haikuanza kama utapeli. Ni kazi ya mafundi wa mji wenye joto na unyevu, waliokuwa na wateja wanaotaka saa ya baba ionekane mpya siku ya Iddi. Hapa kwetu tulifanya vilevile kwa uwezo wetu mdogo. Saa walizozoea mikononi ni zile zile tulizozoea sisi: West End za kina Sowar, Favre-Leuba, Seiko 5, na HMT, ambazo India ilianza kuzitengeneza mwaka 1961 kwa msaada wa Citizen wa Japani. Leo HMT moja utaiona mtandaoni kwa rangi ambazo kiwanda hakijawahi kuziota, ya chungwa, ya zambarau, ya kijani ya kasuku. Ukiipenda, nunua na uivae, hakuna dhambi. Udanganyifu unaanzia kwenye neno moja katika tangazo, na katika tangazo lako neno hilo lipo.

Ndio maana una haki ya kudai. Mwandikie muuzaji kupitia jukwaa lile lile ulilonunulia. Usimfuate kwenye WhatsApp hata akikuomba, kwa sababu huko nje jukwaa halioni na halitakusaidia. Usimwite mwizi. Mwambie: tangazo lako lilisema haijaguswa, uso umepakwa upya, akrabu si zake, hizi hapa picha. Ambatanisha picha ya tangazo kabla hajalibadilisha. Majukwaa makubwa yana muda maalumu wa kudai kwamba kitu si kama kilivyoelezwa, na hapa pana jambo linalokuhusu: muda huo kwa kawaida unahesabiwa tangu mzigo ulipofika kwa binamu Dubai, si tangu ulipofika Wete. Kwa hiyo fanya leo, usingoje Ijumaa.

Omba nini? Kurudisha Mumbai kutoka Pemba ni gharama na wasiwasi, na saa inaweza kupotea njiani ikawa umekosa yote. Mimi ningeomba kurudishiwa sehemu ya fedha na kubaki na saa. Kwa mtu anayekusanya saa za zamani, uso ndio sehemu kubwa ya thamani. Uso ukishapakwa, bei hushuka sana hata kama mashine inapiga kama siku ya kwanza. Dola 380 ni bei ya kuuziwa ukweli wote, na wewe umeuziwa nusu. Anza kwa kuomba nusu. Akikubali theluthi, pokea.

Ukiamua kuagiza nyingine siku za usoni, au ndugu yako akitaka, usilipe kabla ya kupata picha nne: ndani ya kifuniko, mashine yenyewe nambari zikisomeka, uso kwa karibu kwenye mwanga wa mchana, na ubavu wa saa. Muuzaji anayejua anachouza anazo tayari. Anayekwambia saa haifunguki, au fundi wake kasafiri, mwachie saa yake. Akikuuzia Seamaster ya 1942 mpongeze kwa utani, maana jina hilo lilianza 1948.

Onyo moja kwa wanaopenda saa kongwe zaidi, za kabla ya miaka ya 1960. Nyingi ziliwashwa kwa radiamu. Haiwaki tena, lakini sumu yake ya mionzi bado imo; radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600. Ikiwa ndani ya kioo, haina neno kubwa. Usiifungue ukakwangua ule unga wa kahawia kwenye uso, usiupulize, wala usimwachie mtoto achezee. Ya baba ni ya 1968, hilo halimhusu.

Sasa umpe baba au usimpe? Mpe, ila mwambie kweli. Umesema kwenye picha ya harusi yake saa yake ilikuwa na uso mweupe wa fedha, siyo buluu. Uso wa kweli wa 166.010 wa rangi ya fedha, wa miaka ile, hupatikana mara kwa mara ukiuzwa peke yake. Tafuta wenye kidirisha cha tarehe na umuulize muuzaji kama ulitoka kwenye mashine 562 au 565, ili miguu yake midogo ya nyuma iingie kwenye matundu. Hata ukiwa na madoa uchukue. Usimpe mtu aupake tena huu wa buluu; ubadilishe, na huu uuhifadhi kwenye bahasha.

Kazi hiyo mpe yule fundi wa Mkunazini, kwa kuwa alifungua kabla ya kusema. Mwambie pia aisafishe mashine na aitie mafuta mapya, kwani ya zamani hukauka yakawa gundi na vyuma vikalana. Kaa naye benchini mpaka amalize, au kama ni kazi ya siku mbili, piga picha ya mashine na nambari yake mbele yake kabla hujaondoka. Hatakasirika. Fundi anayekasirika kwa hilo amekujibu.

Huenda usoni au nyuma kumeandikwa kwamba ni ya kuzuia maji. Ilikuwa. Mipira ya ndani ikishafika umri huo huwa migumu kama kucha, na maji hupita penye ufunguo. Kwa baba yako, bahari si hatari. Hatari ni udhu, mara tano kwa siku. Aivue kabla ya kutawadha, aiweke mfukoni, siyo juu ya ukuta wa birika.

La mwisho ni lile la tarehe nililoliahirisha. Mashine hii huanza kuisukuma tarehe saa chache kabla akrabu hazijakutana kwenye kumi na mbili ya usiku wake, na ukivuta ufunguo wakati meno yameshikana unaweza kuyavunja. Kwa anayeweka saa Kizungu, wakati huo ni kuanzia saa tatu usiku mpaka saa saba usiku. Lakini wazee wa Pemba wengi huweka akrabu Kiswahili, magharibi zisome kumi na mbili. Muulize baba anaweka vipi. Kama ni Kiswahili, na akiipanga tarehe ibadilike jioni, itaruka magharibi, kwa hesabu ile ile ya wazee kwamba usiku ndio unaotangulia mchana wake. Na muda ambao asiiguse tarehe ni kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua lizame na akrabu zipite saa moja.